Shajara Iliyonyimwa Nafasi

Gwamaka alikuwa akimweleza mkewe namna ya kuzibua bomba la jikoni pale sauti yake ilipokatika katikati ya neno. Bi Sekela alidhani amesahau alichotaka kusema, maana hata enzi za uhai wake alikuwa na tabia hiyo, akasubiri. Kwenye kioo, uso wa mumewe ulibaki vilevile: mdomo wazi kidogo, mkono umeinuliwa kuonyesha spana inavyoshikwa. Akamwita. Akagonga kioo kwa pete yake. Alipogeuka kuomba msaada, aliona ukumbi mzima wa maongezi umesimama. Kila mtu alikuwa mbele ya kioo cha ndugu yake, na hapakuwa na kioo hata kimoja kilichojibu.

"Jamani, mwiteni Tusekile," alisema. "Haraka!"

Tusekile alikuja mbio kutoka kwenye mitambo ya mvuke, mikono imejaa grisi. Alikuwa fundi mkuu wa Makao, mwanamke mrefu wa makamo asiyependa maneno mengi. Makao yalikuwa mashine ambamo marehemu walihamishiwa akili zao waendelee kuishi na kuongea, nao waliitwa wakazi. Watu wa bonde la Mbaka walimkabidhi kazi ile kwa sababu alikuwa hodari, na pia kwa sababu hakuwa na mtu ndani. Wazazi wake walikataa kuhamishwa. Walipofariki walizikwa kama watu wa zamani, wakaisha. Kwa hiyo iliaminika kwamba mikononi mwake wakazi wote watakuwa sawa.

"Umeme umekatika, mwanangu?" Bi Sekela alimuuliza.

"Umeme upo, mama. Taa si zinawaka?"

"Sasa hawa wamekuwaje?"

"Ngoja nikaangalie."

Chumba cha mashine kilikuwa chini ya ukumbi, kimechimbwa kwenye mwamba. Lusajo alikwisha kufika. Yeye ndiye aliyesimamia maji ya kupoza, mtu mpole, mwembamba, mwenye kutembea na buti za mpira hata siku za jua. Alisimama mbele ya skrini bila kuigusa. Maneno yaleyale yalikuwa yakijirudia, mstari juu ya mstari:

*Shajara inaomba nafasi. Nafasi hakuna. Inasubiri.*

"Dada Tuse, nini hii?" Lusajo aliuliza. "Nieleze taratibu. Mimi mtu wa maji."

Tusekile aliketi, akasoma kwa muda kabla ya kujibu.

"Ghala halijajaa," alisema hatimaye. "Ghalani wanaweza kuingia watu wa wilaya nzima na nafasi ikabaki. Kilichojaa ni meza. Hizi bodi za kumbukumbu ni meza ya kazi. Kila wanachokiwaza wakazi kinakatwakatwa hapa kwanza. Halafu, kabla hakijaingia ghalani, shajara inakiandika: huyu kajifunza hiki, yule kamsamehe fulani. Ya muda mmoja inayakusanya fungu moja. Fungu likifunguliwa, sharti lifungwe lote, la sivyo lifutwe lote. Ndiyo maana miaka yote hii umeme ukikatika hakuna aliyeamka nusu mtu."

"Na sasa fungu liko wazi."

"Liko wazi. Shajara imefika katikati, ikahitaji nafasi kidogo mezani ili ilifunge. Na bodi moja imekufa mchana huu." Alionyesha kwa kidole taa nyekundu kwenye rafu. "Kwa hiyo inaomba, inanyimwa, inaomba tena."

"Si mkazi mmoja aambiwe alale kidogo, aachie nafasi yake?"

"Kulala kwenyewe lazima kuandikwe kwenye shajara. Wao wanaisubiri shajara iwaandike. Shajara inawasubiri wao waondoke mezani. Wameshikana hivyo, hakuna wa kumwachia mwenzake."

Lusajo aliitazama ile taa nyekundu. "Waliojenga hawakuliona hili?"

Tusekile alikuwa amefungua maagizo ya wajenzi, yale ambayo mashine yenyewe huyafuata. Pale palipostahili kueleza nini kifanyike shajara ikinyimwa nafasi, wajenzi waliandika sentensi moja tu: ombi la shajara halikataliwi, likikataliwa, liombwe tena.

"Walijenga wakati makontena ya bodi yanashuka bandarini kila wiki," alisema. "Hawakuwahi kunyimwa kitu."

"Tukizima kila kitu, tukawasha?"

"Ikiwaka itataka kuisoma shajara upya, na kuisoma kunahitaji meza kubwa kuliko tuliyobakiwa nayo. Tukizima, haitafunguka tena."

Lusajo alimfahamu vya kutosha kujua kwamba kuna jambo halijasemwa. Akainama, akasoma sehemu ya chini ya skrini ambayo Tusekile alikuwa ameifunika kwa mkono bila kukusudia.

Palikuwa na kifaa cha zamani ambacho wajenzi walikiita mchaguzi. Kazi yake ilikuwa moja: meza ikijaa kabisa, kimtafute mkazi aliyechukua nafasi kubwa kuliko wote na kumwondoa kwa nguvu. Wazee wa Makao walikizima mwaka wa kwanza, kwa kuona aibu kwamba kitu kama hicho kipo. Hata hivyo kiliendelea kupima, na jina la aliyekuwa juu lilikuwa pale.

*Atuganile binti Lusajo.*

"Kwa nini yeye?"

"Kwa sababu anakua," Tusekile alisema. "Wakazi wengine wote waliingia wakiwa watu wazima. Wanazunguka kwenye yaleyale waliyokwisha kuyajua. Yeye kila siku ana jipya."

Homa ndiyo iliyomtoa Atuganile duniani, akiwa mtoto wa darasa la pili. Ndani ya Makao alikua, akabalehe, akajifunza hesabu kwa Tusekile mwenyewe kupitia kioo, na ufundi wa magari kwa mzee Gwamaka, jirani yake wa humo ndani, aliyemwita babu. Sasa alikuwa msichana mkubwa, mbishi, mwenye kicheko kinachosikika hadi nje ya ukumbi.

"Akiondolewa, ghalani si anabaki?"

"Fungu lilikwisha kuanza kumwandika upya, kaka. Ghalani yupo nusu wa jana, nusu wa leo. Anayejua kipi ni kipi ni shajara peke yake, na sehemu yake nzima ndiyo iliyoshikwa hapa mezani. Hiyo ndiyo nafasi inayotakiwa. Akiondolewa, ameondoka."

Lusajo aliketi juu ya ndoo.

"Njia nyingine ipo," Tusekile aliongeza. "Tunaitangaza shajara kuwa imevunjika. Fungu la leo linafutwa, ghala linafunguka kwa kusoma tu. Wote wanabaki kama walivyokuwa asubuhi. Utaongea nao, watakujibu. Lakini hakuna kitakachoandikwa tena. Ukiondoka, wamesahau ulikuja. Na haina kurudi nyuma."

"Basi fanya hiyo." Alisema upesi mno. "Dada, fanya hiyo. Funga. Abaki hivyohivyo, mimi nitamzoea."

"Si uamuzi wangu peke yangu. Baraza linakuja."

"Unajua watakachosema."

"Nitaongea nao. Wewe nenda kwenye lango la maji, hizi bodi zimeanza kuchemka. Ikifa nyingine, hatutakuwa na la kuchagua. Sitagusa kitu kabla hujarudi. Nakuahidi."

Lusajo alimtazama, akaamini, akaenda.

*

Mwenyekiti wa baraza alikuwa mzee Ambokile, hakimu mstaafu, mtu wa haki na mwenye subira, ambaye mkewe alikuwa ndani tangu mwaka wa njaa. Alishuka kwenye chumba cha mashine na wajumbe wawili, akasikiliza maelezo yote bila kumkatiza Tusekile. Kisha akauliza swali moja.

"Tukiamua kumwacha msichana, tukawaondoa wengine badala yake, ni wangapi?"

"Wazee wanazungukia yaleyale, nafasi zao ni ndogo. Ingebidi waondoke wengi. Pengine saba. Pengine zaidi."

"Na tukifunga kwa kusoma tu?"

"Hafi mtu."

"Hafi mtu," Ambokile alirudia polepole. "Lakini haishi mtu. Mke wangu ataniuliza kila siku kama mvua imenyesha, na kila siku nitamwambia, na hatajua kwamba jana nilimwambia. Mwanangu Tusekile, hiyo ni picha inayosema. Sisi hatukuwaleta hapa wawe picha. Juu kule kuna watu wanalia. Ukiwauliza mmoja mmoja, kuna atakayesema tufunge?"

"Lusajo."

"Lusajo ni baba. Asingesema hivyo ningemdharau." Aliifuta miwani yake. "Lakini sitaki tumfanyie mtoto wa watu jambo bila yeye kusema neno. Hamna namna ya kumuuliza mwenyewe?"

Namna ilikuwepo, na baadaye Tusekile alitamani angekana. Pembeni mwa chumba palikuwa na meza ya uchunguzi, mashine ndogo iliyojitegemea, yenye kumbukumbu yake iliyochomelewa kwenye chuma chake, isiyoweza kuazimwa na mashine kubwa. Ilitosha kumsoma mkazi mmoja kutoka kwenye zile bodi alikokwama na kuongea naye. Haikuweza kuandika wala kumhifadhi. Ukimaliza kuongea, ukizima, yote yaliyosemwa yanapotea, na ukimwita tena anakuja kama hajawahi kuitwa.

Tusekile akamwita Atuganile.

Uso ulijitokeza kwenye kioo kidogo, umejaa mshangao. "Shangazi! Mbona huku? Nilikuwa kwa babu Gwamaka."

"Najua, mama. Nina swali gumu. Nitakwambia ukweli wote."

Akamwambia. Hakuficha kitu. Msichana alisikiliza, akili yake nyepesi ikimtangulia Tusekile kila hatua, na kabla maelezo hayajaisha alikwisha kuelewa.

"Sitaki," Atuganile alisema.

"Sawa."

"Si kwamba siwapendi. Sitaki tu, shangazi. Nilikwisha kufa mara moja, nakumbuka. Sitaki tena. Baba yuko wapi?"

"Yuko kwenye maji. Atakuja."

"Mwambie nimesema sitaki."

Tusekile akazima. "Mmesikia," aliwaambia wajumbe.

"Tumesikia," alisema Ambokile. Kutoka juu, kwenye ngazi, sauti za watu zilikuwa zikiongezeka, na mmoja alikuwa akiita jina la mama yake kama mtoto. "Ulimweleza habari ya kifo kwanza, ya watu mwishoni. Mtu akianza kusikia kifo, masikio yanaziba. Muulize tena. Anzia kwa watu."

"Amekwisha kujibu, mzee."

"Yeye hajui kwamba amejibu."

Hapo ndipo Tusekile angepaswa kusimama na kutoka. Alilijua hilo palepale, wala si baadaye. Lakini taa ya bodi nyingine ilikuwa imegeuka kuwa ya njano, na joto la chumba lilikuwa limepanda, naye akajiambia kwamba kuuliza si kutenda. Akamwita tena.

"Shangazi! Mbona huku? Nilikuwa kwa babu Gwamaka."

Safari hii alianza na watu. Alimtajia majina. Atuganile alilia, akauliza maswali mengi, akauliza kama hakuna bodi mahali popote, akauliza kama baba yake anajua. Mwishoni akajifuta uso kwa kiganja.

"Nawaonea huruma, Mungu anajua. Lakini mbona mimi? Wao wameishi. Wamezaa. Mimi hata mvua sijanyeshewa tangu nikiwa mdogo. Hapana, shangazi. Samahani."

Taa ya njano ilianza kupepesa. Mjumbe mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hawana muda.

"Niache mimi nimuulize," alisema Ambokile.

Akavuta kiti, akakaa mbele ya kioo, akarekebisha kola yake. Tusekile alibonyeza akiwa ametazama ukutani.

"Mzee Ambokile!" sauti ya msichana ilijaa furaha. "Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Mbona niko huku?"

"Tunahangaika kidogo na mashine. Sikiliza. Babu yako Gwamaka amekwama. Yuko katikati ya neno, hawezi kuendelea, na bibi yako Sekela anamlilia. Inatakiwa nafasi ili aendelee. Ya kwako ndiyo kubwa kuliko zote. Utampa?"

Atuganile akacheka, kile kicheko chake. "Kwani mpaka mniulize? Si mchukue tu! Ningejua nimejaza hivyo ningepunguza mwenyewe."

Ambokile alimshukuru. Sauti yake ilikuwa nzito, na alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa. Hakuwa mtu mbaya. Tusekile aliishi miaka mingi baadaye akitamani angekuwa mbaya.

"Amekubali," alisema. "Washa mchaguzi."

Tusekile alimfikiria Lusajo kwenye lango la maji. Aliwafikiria watu wa juu. Aliifikiria ile taa ya njano, kwamba ikigeuka nyekundu wote watapotea, na msichana pamoja nao. Kila wazo lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Akawasha.

*Nafasi imepatikana. Fungu limefungwa.*

*

Vigelegele vilisikika hadi kwenye lango la maji. Lusajo aliviacha vifaa vyake chini, akapanda njia ya mawe akikimbia na buti zake, akicheka peke yake, kwa sababu alidhani bodi iliyokufa imefufuka. Ukumbini watu walikuwa wakikumbatiana. Bi Sekela alikuwa amebandika shavu kwenye kioo, na Gwamaka alikuwa akimuuliza kwa mshangao analia nini, kwani bomba limepasuka?

Lusajo alipita katikati yao hadi kwenye kioo cha mwanawe. Kilikuwa cheusi. Akakigusa. Akakifuta kwa mkono wa shati, kama vile kilichokuwepo ni vumbi.

Tusekile alikuwa amepanda na kusimama nyuma yake, na Ambokile kando.

"Baba Atuganile," alisema Ambokile. "Mwanao alikubali. Kwa kinywa chake, nikisikia mimi. Amewaokoa watu wote hawa. Jina lake litakaa hapa daima."

Lusajo hakumtazama mzee. Alimtazama Tusekile.

"Mwanangu hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza," alisema. "Hata dawa. Hata chakula anachokipenda. Mlimuuliza mara ngapi?"

"Tatu."

"Zile mbili alisemaje?"

"Alisema hataki."

"Na hii ya tatu, mlimwambia kwamba atakufa?"

Tusekile aligeuza macho kwenye kile kioo cheusi. Lusajo alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei ya kitu ambacho hakuwa na mpango wa kununua. Kisha akageuka, akashuka tena kwenye maji, kwa sababu bodi zilikuwa bado za moto na hapakuwa na mwingine anayejua kulifungua lango lile vizuri.

*

Baraza liliamua kwamba wakazi wasiambiwe, wasije wakaingiwa na hofu. Waliokuwa wakiuliza habari za Atuganile walijibiwa kwamba amehamishiwa kwenye matengenezo, atarudi. Gwamaka aliuliza kuliko wote. Alikuwa amemwahidi kumfundisha kuvunja gia, akasema amekwisha kumwandalia somo.

Mvua za masika zilipofika mwisho, bodi nyingine ikafa.

Kila kitu kilitokea kama mara ya kwanza. Vioo vikaganda, ukumbi ukajaa vilio, maneno yale yakaanza kujirudia kwenye skrini. Tusekile aliposhuka alimkuta Ambokile amekwisha kufika, ameketi tayari mbele ya meza ya uchunguzi. Kifaa cha mchaguzi kilionyesha majina ya wazee wanne, kwa sababu hapakuwa tena na mkazi mmoja mwenye nafasi ya kutosha. Jina la Gwamaka lilikuwa la pili.

"Afadhali safari hii tunajua la kufanya," alisema Ambokile. "Tutawauliza kwa upole. Mmoja mmoja."

"Mpaka wakubali."

"Mpaka waelewe."

Tusekile aliketi mbele ya mashine kubwa. Alikuwa ameiandika amri ile siku nyingi zilizopita, akaihifadhi, na kila asubuhi alikuwa akiisoma kabla ya kuanza kazi. Sasa akaiita. Shajara itangazwe imevunjika. Ghala lifunguliwe kwa kusoma tu.

Ambokile aliona alichokuwa akikifanya, akasimama. Kwa mara ya kwanza tangu Tusekile amjue, mzee yule alimshika mtu mkono kwa nguvu.

"Usifanye hivyo. Mwanangu, nakusihi. Mke wangu hayumo hata kwenye hao wanne. Mke wangu angeendelea kuishi!"

"Bodi zinakufa, mzee. Hakuna nyingine zinazokuja. Baada ya hawa wanne watafuata wengine, na siku moja utamkuta hapo mama mwenyewe, na utakuwa umekwisha kuyazoea maneno ya kumwambia."

"Kama ni hivyo, ungefunga siku ile!"

"Ndiyo," alisema Tusekile. "Ningefunga siku ile."

Akabonyeza. Hapakuwa na kishindo wala taa iliyozimika. Mistari ile iliacha kujirudia, na juu ukumbini vioo viliamka vyote kwa pamoja, na watu wakaanza kushangilia, wakidhani wameponywa tena.

*

Walikuja kujua polepole. Siku za mwanzo walivumilia. Bi Sekela alimwambia mumewe kwamba mjukuu wao amejifungua pacha, Gwamaka akafurahi mpaka akakosa maneno. Kesho yake akamwambia tena, naye akafurahi vilevile, kwa maneno yaleyale, akinyanyua mikono palepale. Mama yule aliendelea hivyo mpaka siku moja alipojikuta hawezi kuitamka ile habari. Akamuaga mumewe kwa heshima, akafunga kanga yake vizuri, hakurudi. Wengine nao wakaacha, mmoja baada ya mwingine, bila kutangaza. Ambokile alidumu kwa muda mrefu, kisha miguu ikamshinda.

Tusekile aliendelea kuitunza mitambo. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwambia aendelee. Bodi ziliendelea kufa, na zilizobaki zilitosha kusoma watu wachache kwa wakati mmoja, na waliokuja walikuwa wachache zaidi.

Aliyekuja kila siku alikuwa Lusajo. Kati ya waliokuja, yeye peke yake hakuwa na mtu ndani, na kwa muda Tusekile hakuthubutu kumuuliza anafuata nini. Alimwona tu akimaliza zamu yake ya maji, akivua buti mlangoni, akienda kuketi mbele ya kioo cha Gwamaka. Siku moja mchana alikuwa akibadilisha waya karibu na hapo, akasikia.

"Niambie tu, Lusajo," sauti ya Gwamaka ilikuwa changamfu. "Afadhali umekuja. Yule binti yako yuko wapi? Wananiambia matengenezo, matengenezo. Nimemwandalia somo la gia."

"Mzee wangu," alisema Lusajo. "Atuganile amefariki."

Gwamaka akaanza kulia. Alilia kama wanavyolia watu ambao ndiyo kwanza wameambiwa, bila kujizuia, akiuliza lini, akiuliza vipi, akimtaja msichana kwa jina na kueleza jinsi alivyokuwa mbishi, jinsi alivyowahi kumsahihisha yeye, fundi mzima, kuhusu breki. Lusajo alimsikiliza yote. Mara mojamoja alisema, "Pole, mzee. Pole."

Tusekile alisubiri hadi alipoinuka.

"Kaka," alisema, na lilikuwa neno lake la kwanza kwa Lusajo tangu siku ile. "Kwa nini unamfanyia hivyo? Kila siku?"

Lusajo alikuwa akivaa buti zake. Hakuonyesha hasira. Hakuonyesha kitu chochote.

"Huku nje wamekwisha kumaliza kumlilia," alisema. "Hata mimi, dada, kuna siku naamka machozi hayapo. Humu ndani kuna mtu ambaye kila siku anaisikia habari ya mwanangu kwa mara ya kwanza."

Akasimama, akakung'uta suruali.

"Najua ni vibaya. Ninamuuliza jambo moja kila ninapoanza, hujalisikia leo kwa sababu nilikwisha kulimaliza. Namuuliza kama anataka kuambiwa ukweli. Siku zote anasema ndiyo, mara ya kwanza tu." Akamtazama Tusekile usoni. "Siku akisema hapana, nitaondoka. Ile mitambo itadumu mpaka lini?"

"Sijui. Mwaka. Labda usifike."

"Usiizime mapema."

"Siizimi."

Alitoka, akateremka kuelekea majini. Kwenye kioo, Gwamaka alikuwa bado ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mkono wa Tusekile ulikuwa umefika kwenye swichi ya kufunga maongezi, ambayo ingemrudisha mzee pale alipokuwa, mchangamfu, akimsubiri mwanafunzi wake. Hakuibonyeza. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, akamwacha alie.